Maswali ya Wasomaji: Mboga ya Mahagi kwenye Udongo wa Lubumbashi

Swali

Ndugu Mjibu Maswali, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mama wa nyumbani katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Tangu mwezi wa Januari tunaishi na mamamkwe wangu, aliyetujia kutoka Mahagi, kule Ituri. Mama huyu anapenda sana mboga za majani, na kila anapopita kwenye vichaka vilivyo kando ya barabara inayoelekea migodini hurudi na kitenge kilichojaa majani ya mmea mmoja wenye maua ya manjano na maganda yaliyovimba, ambayo yakikauka, mbegu hulia ndani yake kama njuga. Anasema kwao ni mboga ya kumpikia mgeni. Huipika kwa karanga za kusagwa, na ingawa ina uchungu kidogo, inaliwa vizuri kwa bukari (ugali). Jirani yangu, mzaliwa wa hapa, ameniambia kwamba majani hayo hayaliwi na kwamba mbuzi wake mmoja alikufa baada ya kuyala. Sitaki kumvunjia mama heshima, wala sitaki kuwalisha watoto sumu. Je, mmea huo unaliwa au hauliwi?

Mama wa Katuba, Lubumbashi

Jibu

Mama, mamamkwe wako anasema kweli, na inawezekana kabisa kwamba jirani yako pia anasema kweli. Kwa kuwa jambo lenyewe linagusa chakula cha watoto, utanivumilia nikikujibu kwa kirefu.

Kwa jinsi ulivyoueleza, mmea huo ni wa kundi ambalo wataalamu huliita Crotalaria, katika jamii moja na kunde, maharage na karanga. Jina hilo limetokana na neno la Kigiriki la chombo cha kupigia mlio wa kuchakacha, kwa sababu ya sauti ileile ya mbegu uliyoisikia wewe. Watanzania wanaujua kwa jina la marejea, na Wajaluo wa magharibi mwa Kenya wanauita mitoo. Duniani kuna aina zipatazo 700 za mimea ya kundi hili, na zaidi ya 500 kati yake ni za Afrika. Kwa hiyo mtu akisema tu kwamba ameona mmea wenye maua ya manjano na maganda yanayolia, bado hajasema ni upi, sawa na mtu aliyeniambia kwamba ameona uyoga bila kunionyesha.

Aina zinazojulikana zaidi kama mboga ni mbili. Ya kwanza ni Crotalaria ochroleuca, yenye majani ya kijani kibichi, maua ya rangi ya maziwa au manjano hafifu yenye mishipa ya zambarau, na maganda mapana yaliyojaa. Ladha yake ni ya upole. Ya pili ni Crotalaria brevidens, ambayo majani yake yana rangi ya kijani inayoelekea samawati, maua yake ni ya manjano iliyokolea, maganda yake ni membamba kuliko ya mwenzake, na uchungu wake unasikika. Zote mbili hupandwa bustanini na kuuzwa sokoni kwa mafungu huko magharibi mwa Kenya, na marejea hupendwa pia katika eneo la West Nile nchini Uganda, ambalo limepakana na Mahagi. Mama amekua akiila mboga hii na kuipika, na ujuzi wake haupaswi kudharauliwa. Majani ya marejea yana protini nyingi kuliko mboga nyingi za majani tunazozizoea, pamoja na kalisi na vitamini, na katika nyumba ambayo nyama huonekana siku za sikukuu peke yake, hilo ni jambo kubwa.

Shida ni kwamba ujuzi huo ulipatikana Mahagi, na vichaka vya hapa ni vya Katanga. Kule kwao, shangazi na bibi walimwonyesha mama mmea uliokuwa umekwisha kuchaguliwa na vizazi vilivyotangulia, mara nyingi ukiwa umetokana na mbegu iliyohifadhiwa nyumbani. Hapa anakutana na ndugu za mmea ule, wanaofanana nao kwa ua na kwa ganda, lakini ambao hakuna aliyewahi kuwajaribu. Katanga ina aina nyingi sana za Crotalaria za porini, baadhi yake hazioti mahali pengine popote duniani, na katika kundi hili wapo wenye sumu ya kuua.

Sumu hiyo huitwa alkaloidi za pirolizidini, na iliyo mashuhuri zaidi kati yake ni monokrotalini, ambayo hupatikana kwa wingi katika Crotalaria retusa na Crotalaria spectabilis. Alkaloidi hizi zikifika kwenye ini, ini lenyewe, katika kazi yake ya kawaida ya kusafisha damu, huzigeuza kuwa kitu kikali kinachoharibu mishipa yake midogo. Mishipa hiyo huziba, damu hushindwa kupita, ini huvimba upande wa kulia wa tumbo, kisha tumbo hujaa maji. Monokrotalini huharibu pia mishipa ya mapafu, na watafiti hutumia sumu hiyohiyo kuwapa panya wa maabara ugonjwa wa shinikizo la damu la mapafu ili wapate kuuchunguza. Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba madhara hayaonekani lazima siku ile ile. Mtu anaweza kula kidogo kidogo kwa majuma kadhaa bila kutapika wala kuumwa na tumbo, na siku ugonjwa unapojitokeza hakuna anayekumbuka mboga. Kwa sababu hiyo, mtu akisema kwamba ameila mara tatu na hakuona kitu, maneno yake hayathibitishi usalama wa mmea.

Haya yameshatokea kwa watu. Katika miaka ya 1950 madaktari wa Jamaika waligundua kwamba watoto waliokuwa wakiletwa hospitalini na matumbo yaliyojaa maji walikuwa wamenyweshwa chai ya majani ya porini, yakiwemo ya Crotalaria. Katika miaka ya 1970, huko India, familia nyingi ziliugua ini baada ya kula nafaka iliyochanganyika shambani na mbegu za Crotalaria ya mwitu. Watoto ndio wanaoathirika upesi kuliko watu wazima, na mama mjamzito au anayenyonyesha naye anapaswa kujihadhari. Kuhusu mbuzi wa jirani yako, siwezi kuapa kwamba aliuawa na mmea huo, lakini mifugo mingi imekufa kwa mimea ya kundi hili katika nchi mbalimbali, kwa hiyo ushahidi wake usiutupe.

Najua utaniuliza kama kuchemsha na kumwaga maji hakutoshi, kwa kuwa ndivyo tunavyofanya kwa sombe (majani ya muhogo), ambayo tunaitwanga na kuichemsha mpaka sumu yake iishe. Sumu ya muhogo huvunjika kwa kutwangwa na hutoka kwa mvuke, lakini alkaloidi za pirolizidini hazivunjiki kirahisi kwa moto wa mbabula (jiko la makaa). Maji yakimwagwa yataondoka na sehemu yake, na sehemu nyingine itabaki katika majani. Usiitegemee njia hiyo.

Kuhusu alama za kutofautisha, nitakupa moja ambayo inasaidia kukataa lakini haitoshi kukubali. Marejea ya mboga ina vijani vitatu vyembamba kwenye kila kikonyo, ilhali C. retusa na C. spectabilis zina jani moja moja, pana kuelekea nchani. Ukiona jani moja, acha palepale. Lakini ukiona vijani vitatu, usifurahi bado, kwa maana aina nyingi za porini ambazo hakuna anayezila zina vijani vitatu vilevile. Mimi mwenyewe, ambaye kazi yangu ni mimea, nisingethubutu kula Crotalaria ya porini ya Katanga kwa kuitazama tu barabarani.

Ipo sababu ya pili, nayo kwa mkazi wa Lubumbashi ina uzito uleule. Umesema vichaka hivyo viko kando ya barabara ya migodini. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa mimea kutoka Ubelgiji, Paul Duvigneaud, alichunguza mimea ya vilima vya shaba vya Katanga, vile ambavyo miti ya miombo hukoma ghafla na kuacha nyasi na maua madogo peke yake. Miongoni mwa mimea aliyoieleza ni Crotalaria cobalticola, ambayo hata jina lake la kitaalamu linataja kobalti, kwa kuwa huota kwenye udongo uliojaa madini hayo. Hebu fikiria, Mama: katika nchi hii kuna ndugu wa mboga ya Mahagi ambaye kuonekana kwake kunamwonyesha mtafuta madini kwamba anakanyaga kobalti. Mmea hufyonza kutoka udongoni kinachohitajika na kisichohitajika, na chuma, shaba au kobalti iliyoingia ndani ya jani haitoki kwa kuoshwa wala kwa kuchemshwa. Kuosha huondoa vumbi lililo juu ya jani, na hilo ni jambo jema, lakini hakuendi zaidi ya hapo.

Udongo wa mji wetu umebeba pia kazi ya zaidi ya miaka mia moja. Tanuri la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na kwa kuwa upepo wa kiangazi huvuma hapa kutoka kusini-mashariki, moshi wake ulielekea kaskazini-magharibi, upande wa Penga Penga, ambako miti ilikufa na ardhi ikabaki uchi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kurudisha nyasi mahali hapo kwa chokaa na mbolea ya takataka, na wanajua jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu. Mwaka 2009 watafiti wa chuo hicho hicho, pamoja na wenzao wa Leuven nchini Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wa Katanga waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodini au kwenye viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi zaidi katika mkojo kuliko wale waliokaa mbali. Uchunguzi uliofuata, uliochapishwa mwaka 2014, ulitaja njia ambazo madini hayo hupitia: kwa watu wazima, mboga zilizoota karibu na migodi ni njia kubwa, na kwa watoto, vumbi. Kwa hiyo hata kama mama angekuwa amepata marejea halisi, aina ileile ya kwao, bado ningemwomba asiichume mahali hapo, kama vile nisingependa achume lengalenga (mchicha) wala majani ya maboga mahali hapo.

Sasa utamwambiaje? Ningekuwa mimi, nisingemwambia kwamba mboga yake ni sumu, kwa sababu si kweli na itamuumiza bure. Ningemwomba awe mwalimu wa nyumba. Mwombe aagize mbegu kwao, kwa ndugu anayeilima na kuila, pakiti ndogo tu atakayoileta mtu anayesafiri, kwa kuwa mbegu za mboga hii ni ndogo na kiganja kimoja kinatosha bustani nzima. Mbegu iliyotoka mkononi mwa mtu anayekula mboga hiyo kila mwaka ndiyo dhamana ninayoiamini kuliko picha yoyote na kuliko maelezo yangu mwenyewe. Tafuteni udongo ambao haukuwa jalala la mawe ya madini wala njia ya magari yanayoyabeba, na maji yasitoke kwenye mto Lubumbashi mahali ambapo umekwisha kupita kando ya mlima wa masalia ya tanuri. Ikiwa mna kiwanja kidogo tu, magunia yaliyojazwa udongo mzuri kutoka mbali na mji, ukichanganywa na mbolea ya samadi iliyooza, yatatosha.

Pandeni mvua zinapokuwa zimeanza vizuri mwezi wa Novemba. Mbegu zichanganywe na mchanga mkavu ili zisirundikane, zimwagwe katika mistari iliyoachana kama sentimita 30, zifunikwe kidogo sana. Kwenye udongo wenye unyevu huota baada ya siku chache. Yapata majuma 8 baadaye mtaanza kukata ncha, na kila ncha inayokatwa hutoa matawi ya pembeni, hivyo mmea mmoja utachumwa mara nyingi. Chumeni majani machanga kabla ya maua, wala msile maua yaliyofunga ganda wala mbegu. Acheni miche michache iliyo bora izae, na maganda yakianza kulia, mbegu ya mwaka ujao iko tayari.

Katika upishi sina la kumfundisha mama, ila nitaje mambo mawili. Magadi hulainisha majani na kupunguza uchungu, lakini yakizidi huua vitamini, kwa hiyo kidole kimoja kinatosha chungu kizima. Pia ichanganyeni na lengalenga au majani ya kunde, kwanza kwa ladha, na pili kwa sababu hata marejea ya mboga haipaswi kuwa kitoweo cha kila siku peke yake. Mara moja au mbili kwa juma ni kiasi cha busara, na watoto wadogo wapewe kidogo. Karanga za kusagwa ziwekwe mwishoni, moto ukiwa umepungua, na wengine huacha chungu kilale hadi kesho yake kwa sababu siku ya pili uchungu hutulia.

Kwa mboga mliyokwisha kuila, msiwe na hofu kubwa, lakini acheni kuichuma leo. Mtoto yeyote akianza kuvimba tumbo, kuchoka sana au kuwa na macho ya manjano, mpelekeni kwenye kituo cha afya pamoja na tawi la mmea huo lenye majani, ua na ganda, na mwambieni mganga wazi kwamba ameula. Asipoambiwa, ataanza kwa malaria, na siku zitapotea.

Swali

Mjibu Maswali, mimi nalima nyanya nje ya mji, kwenye barabara ya Kasenga. Kwa misimu miwili nyanya zangu zimenyauka mchana, na nikizing'oa nakuta mizizi imejaa vinundu. Rafiki aliniambia kwamba marejea hutibu udongo, lakini nilipong'oa marejea nayo nikakuta vinundu. Je, si ndiyo inayoleta ugonjwa?

Mkulima, Lubumbashi

Jibu

Ndugu mkulima, vinundu hivyo ni vya aina mbili, na tofauti yake utaiona kwa kidole. Vile vya marejea vimeshikamana na mzizi kwa ubavuni na hubanduka kirahisi ukivisugua. Ukikikata kimoja kwa wembe na kukuta wekundu wa waridi ndani, ujue bakteria waliomo wanafanya kazi ya kuchukua naitrojeni kutoka hewani na kuulisha mmea, nao mmea ukioza huuachia udongo. Vile vya nyanya havibanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba. Ndani yake wamo minyoo wadogo wasioonekana kwa macho, waitwao nematodi.

Rafiki yako amekushauri vyema. Nematodi hao wakiingia katika mizizi ya marejea hushindwa kuzaana, na idadi yao hupungua msimu hadi msimu. Kule Peramiho, kusini mwa Tanzania, watawa Wabenediktini waliihubiri marejea kwa wakulima kama mbolea ya kijani, na mimi nimewaona wakulima waliochoka na udongo wao wakifufuka pamoja nao. Ipande mahali palipokuwa na nyanya, iache ikue hadi inapoanza kutoa maua, kisha ikate na kuichimbia udongoni kabla haijafunga mbegu, usubiri majuma 2 au 3 ndipo upande. Usirudishe nyanya mara moja, wala bilinganya, wala pilipili, ambazo minyoo hiyo huzipenda vilevile. Anza na mahindi au vitunguu. Kama ni marejea ya mbolea tu, aina yake haina budi kujulikana kwa watu wote wa shamba, ili mtoto au mgeni asije akaichuma akidhani ni mboga. Na mbuzi wafungwe.

Swali

Nimebakiwa na debe la mbegu za marejea. Je, naweza kuwachanganyia kuku katika chakula chao?

Msomaji, komini ya Kenya, Lubumbashi

Jibu

Hapana, ndugu msomaji. Katika mimea hii sumu hujikusanya zaidi kwenye mbegu, na kuku ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika kwa urahisi. Mbegu unazojua asili yake ziweke katika chupa kavu yenye kifuniko, uiandikie jina, uiweke mahali ambapo watoto hawafiki, na ugawie majirani wenye bustani. Zile usizojua asili yake zichome.